Supu ya Dola 10

Leo ni supu. Ile ya kwetu ya asubuhi, na chapati mbili na ndimu pembeni, haina mjadala. Nazungumzia supu ya mgahawa wenye matawi mia kadhaa, yenye jina la Kitaliano na bei iliyochapwa kwenye menyu inayong'aa. Swali ni dogo, lakini linawasumbua wenzetu wengi walioko Marekani, kuanzia mwanafunzi hadi mama anayefanya zamu mbili kwenye nyumba ya kulea wazee: ile pesa inalingana na kilichomo bakulini?

Jibu natoa sasa hivi, asiye na muda aendelee na shughuli zake. Ukikaa kitini, mchana, ukaomba bakuli la pili, inalingana. Ukiibeba kwenye kopo la plastiki kwenda nayo nyumbani, hailingani. Na ukimwita kijana wa gari akuletee mlangoni, hapo umejipiga mwenyewe. Mliobaki tuendelee.

Mfano wangu ni Olive Garden. Nimeuchagua kwa sababu ni mahali ambapo familia nyingi huishia siku ya mahafali ya mtoto, au Jumapili baada ya ibada, wakati hakuna mwenye hamu ya kuosha masufuria. Tawi la kwanza lilifunguliwa Orlando, Florida, mwaka 1982, na mwenye mali alikuwa General Mills, kampuni ya unga na nafaka za kifungua kinywa. Ukilitazama jambo hilo vizuri unaona akili yake: mwenye unga kafungua duka la tambi na mikate. Tangu 1995 mgahawa uko chini ya kampuni ya Darden, na leo matawi yamepita 900.

Mpango wenyewe ni huu. Unalipa bei moja, ambayo mchana ni kama dola 10, inapanda au kushuka kidogo kulingana na mji. Unaletewa bakuli la supu, saladi kwenye bakuli kubwa la meza nzima, na skonzi nyembamba ndefu, za moto, zilizopakwa mafuta na chumvi ya kitunguu saumu. Ukimaliza unaongezewa. Ukimaliza tena, unaongezewa tena. Hakuna anayekukodolea macho.

Supu ziko nne, na inayotajwa zaidi ni zuppa toscana. Viazi vimekatwa vipande vyembamba na maganda yake, soseji ya nguruwe yenye pilipili imevurugwa ikawa kama nyama ya kusaga, kuna bekoni, kuna kale, na mwisho krimu. Mchuzi wake ni mweupe na mwepesi. Ukichota kijiko unaona viduara vya mafuta mekundu ya soseji vikikimbilia ukingoni mwa bakuli. Kale, kwa asiyeijua, ni ndugu wa damu wa sukuma wiki. Mtu wa Nakuru akiambiwa alipe dola 10 kwa sukuma wiki inayoelea kwenye krimu, ana haki ya kuguna. Lakini akionja ataacha kuguna, maana ile soseji inafanya kazi yake.

Sasa Mwislamu afanyeje? Hiyo ya nguruwe si yake. Ile ya kuku na vidonge vya viazi, na ile ya maharage na nyama ya ng'ombe, zitamfanya aulize mnyama kachinjwa na nani, na mhudumu kijana wa miaka kumi na tisa hana jibu la swali hilo. Anabaki na minestrone. Hiyo kampuni yenyewe imeiweka kwenye orodha ya vyakula visivyo na chochote cha mnyama: maharage, mboga na tambi ndogo kwenye mchuzi mwepesi wa nyanya. Ni supu nzuri ya siku ya baridi, siibezi. Lakini bei ni ileile. Anayekula soseji, bekoni na krimu analipa sawasawa na anayekula maharage na karoti. Hakuna aliyekusudia ubaguzi hapo, ila hesabu ya bei moja daima ina anayembeba mwenzake, na katika meza ya Waswahili anayebeba anajulikana.

Twende jikoni, maana wengi husema, aa, supu hiyo nitaipika mwenyewe. Vizuri. Nenda dukani ukanunue soseji pauni moja, viazi, kitunguu, kitunguu saumu, fungu la kale, kopo dogo la krimu na pakiti ya mchuzi wa kuku. Bei za Marekani hubadilika kila wiki, lakini jumla yake haitafika dola 20, na sufuria hiyo italisha watu sita bila kunyimana. Gawanya: ni kama dola 3 kwa mtu. Basi mgahawa unakuibia dola 7?

Subiri. Ripoti ambazo Darden huwaandikia wenye hisa zake zinaonyesha kwamba katika kila dola inayoingia, chakula na vinywaji hula senti 30 hivi, na kazi za watu hula kiasi kinachokaribia hicho. Maana yake, katika dola 10 zako kuna chakula cha kama dola 3. Ni zilezile ulizozipata jikoni kwako! Kwa upande wa viazi na soseji, hujaibiwa. Dola 7 zilizobaki ni za aliyekata viazi, aliyeosha bakuli, pango la jengo, taa, joto la chumba wakati nje theluji inafika magotini, na faida ya mwenye mali. Swali la kweli ni kama vitu hivyo wewe unavihitaji siku hiyo. Mtu aliyetoka zamu ya usiku, anayerudi kwenye chumba anachoshirikiana na wenzake watatu na jiko moja, anavihitaji. Aliye nyumbani Jumamosi, watoto wamelala na sinki ni safi, havihitaji.

Na bakuli la pili je? Hapo ndipo watu wengi wanapodhani wamemshika mwenye mgahawa. Wanaingia na njaa ya kusudi, wamenyimwa kifungua kinywa na nafsi zao wenyewe, ili wamkomoe. Mwenye mgahawa hana habari. Supu ni maji kwa sehemu kubwa, skonzi ni unga na hewa, saladi ni letusi. Vyote ni vitu vya bei ndogo, na vyote vinajaza tumbo upesi. Tumbo ndilo linalomlinda. Bakuli la kwanza unalila kwa raha, la pili kwa ubishi, la tatu kwa aibu. Anayefika la nne nimesikia habari zake tu.

Mwaka 2014 jambo hili lilifika mpaka kwenye vita vya wenye hisa. Mfuko mmoja wa uwekezaji wa New York, Starboard Value, ulikuwa umenunua sehemu ya Darden na ukachapisha waraka wa kurasa karibu 300 kueleza jinsi kampuni inavyoendeshwa ovyo. Humo, katikati ya mambo mazito ya majengo na madeni, kulikuwa na malalamiko kuhusu zile skonzi. Utaratibu ulikuwa kuleta moja kwa kila mtu na moja ya ziada kwa meza. Wahudumu walikuwa wakileta nyingi zaidi kwa mkupuo, zinapoa, zinatupwa. Waraka ukasema pia kwamba maji ya kuchemshia tambi hayakuwa yakitiwa chumvi, ili dhamana ya masufuria idumu. Hebu fikiria, msikilizaji: mgahawa wa Kitaliano unapika tambi bila chumvi kwa kuihurumia sufuria. Oktoba mwaka huohuo wenye hisa walipiga kura, bodi nzima ikatoka, watu wa Starboard wakaingia. Na pamoja na makali yao yote, ofa ya kuongezewa bila kikomo hawakuifuta. Walijua inavuta watu. Nadhani hiyo ndiyo hoja kubwa kuliko zote kwamba bakuli la pili halimuumizi mwenye mgahawa.

Anayeumia ni mwingine. Sheria ya shirikisho ya Marekani inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 1991. Kilichobaki, hadi kufikia kima cha chini, kinatarajiwa kutoka kwa mteja, na bakshishi isipotosha mwajiri ndiye anayepaswa kujazia. Yako majimbo yaliyokataa mtindo huo, California na Minnesota yakiwemo, ambako mhudumu hulipwa kima cha chini kamili kabla ya bakshishi. Lakini kwingi ndivyo ilivyo. Sasa mtazame huyu dada. Meza ya nyama na divai inamletea bili ya dola 80, safari tatu za jikoni. Meza yako ya supu inamletea bili ya dola 10, safari sita: supu, skonzi, saladi, supu tena, jibini ya kukwangua, supu tena. Ukimwachia asilimia 20 umempa dola 2 kwa kazi kubwa kuliko ile ya meza ya nyama. Mimi naona mtu anayekula bila kikomo aache asilimia kando na atoe kwa kuhesabu safari. Dola 4 au 5 si nyingi. Na ukishaziweka, pamoja na kodi, supu yako ya dola 10 inakaribia 15. Hiyo ndiyo bei yake halisi, na hukumu niliyoitoa mwanzo nimeitoa nikijua hivyo.

Kuna mwingine wa kumtazama, naye ni Panera. Huyu ni mwoka mikate wa Missouri aliyekua, alianza mwaka 1987 kama St. Louis Bread Company. Supu yake ya brokoli na jibini ina mashabiki wa kufa na kupona. Hutiwa ndani ya mkate wa duara uliochimbwa katikati, unakunywa supu kisha unakula bakuli. Olive Garden hudai supu zake hupikwa kila asubuhi ndani ya kila tawi. Panera njia yake ni nyingine: supu hupikwa kwingine, kwa wingi, husafirishwa mifukoni, na tawini hupashwa moto kwenye maji. Mwaka 2019 mfanyakazi mmoja aliweka mtandaoni video fupi ya chakula cha aina hiyo, makaroni na jibini, yakitoka kwenye mfuko ulioganda, na watu wakashtuka kana kwamba wamemkuta mpishi analala.

Mimi sikushtuka. Supu ni chakula kinachovumilia safari kuliko vyote; kuna supu zinazokuwa tamu zaidi siku ya pili, na kila aliyelelewa na bibi analijua hilo. Kilichonivutia ni kingine. Supu ya brokoli ya jina hilohilo inauzwa kwenye majokofu ya supamaketi, kwenye kopo, unaipasha mwenyewe. Basi hapo umepata mizani. Chukua kopo la supamaketi, ulinganishe kwa uzito na bakuli la mgahawani: tofauti ya bei ni kodi ya kiti. Ni kiti, intaneti, choo safi, na ule mkate wa duara. Kwa mwanafunzi anayekaa pale kwa muda wa saa nne na kompyuta yake, akitumia bakuli moja kama tiketi ya kuingilia, bei ni ya bure. Kwa anayepita kwenye dirisha la magari na kuondoka, amelipia kiti ambacho hakukikalia.

Jambo hili la kulipia maji lina historia. Mwaka 1897, kwenye kampuni ya Campbell kule Camden, New Jersey, mkemia kijana John Dorrance aligundua namna ya kuitoa supu sehemu kubwa ya maji kabla ya kuitia koponi. Kwa nini? Kwa sababu makopo makubwa yaliyojaa maji yalikuwa mazito kusafirisha, na mama wa nyumbani ana maji yake bombani. Kopo likawa dogo, likauzwa senti 10, na kampuni ikatajirika. Tangu hapo mtu yeyote anayekuuzia supu iliyo tayari anakuuzia pia maji, na lazima awe na sababu ya kukutoza kwa ajili yake.

Na wala usidhani mgahawa wenye matawi na supu vimekutana juzi. Paris, katikati ya karne ya 19, mchinjaji mmoja kwa jina Duval alikuwa na tatizo ambalo kila mwenye bucha analijua: steki zinaondoka, miguu na shingo zinabaki. Akaamua kuvichemsha na kuwauzia wafanyakazi wa soko kuu la pale mchuzi wa moto na kipande cha nyama, bei ndogo, meza safi. Watu wakajaa, akafungua duka jingine, na jingine, yakawa matawi mji mzima, wengine wakaiga. Chartier, mmoja wa walioiga, ulifunguliwa 1896 na mpaka leo unapika. Ukiniuliza mimi, huyo Duval angefika Kariakoo saa moja asubuhi asingehitaji mkalimani. Makongoro, utumbo, kichwa cha mbuzi, supu ya kuku wa kienyeji: ni hesabu ileile ya mwenye bucha.

Ila kwetu bei imekaa mahali pengine, na hapa naomba unisikilize kidogo. Kwenye banda la supu unachonunua ni nyama. Unaonyesha kwa kidole, mfupa ule, hapana, wenye uboho, na ndiyo unaopimiwa bei. Mchuzi ni haki yako. Ukiisha unainua bakuli kidogo na kusema, "Niongezee mchuzi, mama," naye anachota bila kukuandikia chochote. Nchini Kenya, kwenye nyama choma, kuna mahali utapewa kikombe cha supu ukingojea mbuzi aive. Kwa hiyo hii habari ya kuongezewa bila kikomo, ambayo Mmarekani huitangaza kwenye televisheni, sisi tumeizoea tangu utotoni na hatukuwahi kuipa jina. Tofauti ni kwamba banda linakutoza nyama na kukupa maji. Olive Garden inakutoza kiti na kukupa maji pamoja na nyama kidogo. Ndiyo sababu Mswahili akiingia kule na mizani ya banda, akaanza kuvihesabu vipande vya soseji kijikoni, anatoka na hasira. Anapima kitu ambacho hakikuuzwa.

Sasa kuibeba. Ofa ya bila kikomo inaishia mlangoni. Nje ya hapo kopo ni moja, limefungwa, basi. Chukulia tambi za kwenye minestrone: ndani ya kopo la moto zinaendelea kunywa mchuzi njia nzima, ukifika nyumbani umebeba uji wa nyanya. Kale inageuka rangi, viazi vinavunjika. Darden yenyewe kwa miaka mingi ilikataa kuwapa chakula chake wasafirishaji wa programu za simu, hadi 2024 ilipokubaliana na Uber. Kwa mteja, hapo unaongeza ada ya gari na bakshishi ya dereva juu ya bakuli moja la maji ya moto. Mwenye mafua, peke yake, hawezi kushuka ngazi, huyo namsamehe. Mwingine yeyote apike.

Nina onyo moja la daktari, ingawa mimi si daktari. Nyingi ya supu hizi zina sodiamu karibu miligramu 800 kwa bakuli, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi 2,000 kwa siku. Mabakuli matatu umevuka, hujagusa skonzi. Mwenye presha asiichukulie ofa ya bila kikomo kama amri. Bakuli moja na saladi, na aombe mchuzi wa saladi uwekwe pembeni.

Kwa wenye afya zao, nina ujanja mmoja ambao wageni wengi hawaujui. Bakuli la pili si lazima liwe la supu uliyoanza nayo. Unaweza kuanza na minestrone, ukamalizia na ya kuku kama dini yako haikuzuii, na bei haibadiliki. Mwambie mhudumu mapema, kabla hajarudi jikoni, umpunguzie safari moja.

Muda wetu ndio huo. Alhamisi, saa kama hii, tutazungumzia bei ya chai ya hotelini, na hapo sitakuwa mpole hivi.